Adu Hadi Eldoret: Heri Siku Mbili za Mchana

Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo mkali ukumbini. Hoja ilikuwa kwamba ndege ni bora kuliko basi kwa msafiri anayekwenda bara. Watetezi walipiga meza, wapinzani wakapiga kelele, na kengele ya kwenda nyumbani ikalia kabla zamu yangu haijafika. Kwa kuwa kalamu haina kengele, naomba nitoe rai yangu hapa.

Kwangu mimi hoja hiyo haikuwa ya kupitisha saa tu. Dada yangu mkubwa amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses, karibu na Eldoret. Nyumbani tumekaa kikao mara mbili kuzungumzia namna ya kumfikisha huko, na kufikia siku ninapoandika haya wazee hawajaafikiana. Najua si sisi peke yetu. Kila mwaka watoto wa Adu, Marafa, Ramada na Gongoni hupata barua za kuitwa vyuo vya bara, na kila boma huanza hesabu ile ile. Apande nini? Hela zitatoka wapi? Atafika salama?

Kwa wale ambao hawajaishika ramani vizuri, Eldoret si karibu. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi. Mombasa hadi Nairobi ni kama 480 kwa barabara. Nairobi hadi Eldoret ni zaidi ya 300. Jumla ni kilomita 900 na ushei, na hapo sijahesabu bodaboda ya kukutoa Adu hadi barabara kubwa, wala matatu ya kukuvusha daraja la Sabaki uingie Malindi. Tena safari yenyewe ni ya kupanda mlima. Sisi tunaishi karibu na usawa wa bahari. Eldoret iko kama mita 2,100 juu yake. Ulikuwa mji, lakini tangu Agosti 15, 2024 ni jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Wenyeji bado huliita Sisibo, kwa sababu lilianzia kwenye shamba la walowezi lenye nambari 64.

Katika kikao chetu kulikuwa na kambi mbili. Mjomba alisema dada apande basi la usiku kutoka Malindi. Ati usiku hakuna jua kali, foleni ni chache, mtu analala zake na kuamka Nairobi, halafu anaunganisha gari la Eldoret siku hiyo hiyo. Hawe, nyanya yetu, alikataa katakata. Yeye amesikia redioni habari za ajali mpaka amechoka. Alisema mbuzi wauzwe hata kama ni wote, mjukuu wake apande ndege. Wazee wakagawanyika nusu kwa nusu.

Mimi sioni kama Mjomba yuko sawa, na kwa heshima zote, hata Hawe sioni kama amepata jibu. Msimamo wangu ni huu: mwanafunzi anayekwenda bara kwa mara ya kwanza asafiri kwa nchi kavu, asafiri mchana, na safari aigawe siku mbili. Nitaeleza sababu zangu moja baada ya nyingine.

Kwanza, basi la usiku. Wanaolipenda husema ni rahisi. Kweli, unaokoa pesa ya kulala. Lakini tuulize tunanunua nini kwa bei hiyo. Dereva ni binadamu kama wewe. Saa tisa za usiku ni saa ambayo mwili wowote unataka kitanda. Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi imejaa malori marefu ya mizigo ya bandarini, na kwingi gari linalokuja linakukabili uso kwa uso, bila ukuta wa kuwatenganisha. Mtu akitaka kulipita lori gizani, anakadiria umbali kwa taa tu. Akikosea kadirio, hapana nafasi ya pili.

Mfano upo. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana pale Migaa, karibu na Salgaa, kwenye barabara hiyo hiyo ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu 36 walikufa. Serikali ikapiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku, na baadaye marufuku hiyo ikaondolewa. Mabasi yakarudi barabarani kama kawaida, nasi tukarudi kukata tiketi kama kawaida.

Kuna atakayenijibu kwamba ajali haina saa. Ni kweli. Jioni ya Juni 30, 2023 lori liliacha njia pale Londiani likawaua watu 52, na wengi wao walikuwa kando ya barabara wakiuza bidhaa zao au wakingoja magari. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, mchana na usiku. Sisemi kwamba mchana ni kinga. Nasema usiku huongeza mambo mawili juu ya hatari iliyopo, nayo ni usingizi na giza. Kwa nini tuongeze na hali tunaweza kupunguza?

Pili, saa ya kufika. Jambo hili katika mdahalo halikutajwa na mtu hata mmoja. Basi la usiku huweza kukutua Nairobi kabla ya jogoo kuwika. Binamu yangu alifikishwa hivyo, akaachwa steji gizani na sanduku lake, baridi inamtafuna, hamjui mtu. Alipoinama kufunga kamba ya kiatu, mkoba ulikwishakwenda. Ndani mlikuwa na cheti chake cha KCSE, kitambulisho na barua ya kuitwa chuoni. Nguo zingenunuliwa tena Gikomba. Lakini cheti! Ilimbidi atafute ripoti ya polisi, aandike barua, azunguke ofisi hii na ile, huku wenzake wamekwisha kuanza masomo. Nauli aliyookoa kwa kusafiri usiku ililiwa yote na mizunguko hiyo na bado haikutosha. Na huyo ni mvulana mwenye miraba. Sasa mfikirie dada yangu, msichana wa miaka kumi na tisa, peke yake, saa kumi za alfajiri.

Tatu, ndege. Nitasema wazi kwamba mimi sijapanda ndege. Nimeziona zikitua Malindi, zile za pangaboi, nami hutamani kama mwenzangu yeyote. Sina uadui nazo. Saa moja hivi kutoka Malindi mpaka Nairobi, na chini ya saa moja nyingine mpaka Eldoret, ni maajabu kwa mtu aliyezoea kungoja matatu ijae. Na Hawe ana hoja, kwa sababu ukihesabu kilomita, ndege ya abiria ni salama kuliko gari kwa mbali sana.

Lakini kwa mwanafunzi wetu ndege ina mitego yake. Tiketi haina bei moja. Hupanda na kushuka kama bei ya nyanya sokoni, na anayechelewa kukata hulipa zaidi. Barua za vyuo nazo hazimpi mzazi wa Adu muda mrefu wa kuuza mifugo na kuitisha mchango. Tena safari ni ya ndege mbili. Ukitua Wilson na ndege ya Eldoret inaondokea JKIA, itakubidi ukate jiji la Nairobi kwa teksi na foleni zake, na ukichelewa, ndege haikungoji.

Kisha kuna mzigo. Mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha kwamba ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama digrii 6.5. Piga hesabu: mita 2,100 ni digrii 13 au 14. Siku ambayo Malindi kuna digrii 28, kule juu unaweza kukuta 14 au 15, na usiku hushuka zaidi. Kwa hiyo anayehitaji blanketi zito, sweta mbili na viatu vya kufunika ni huyu huyu mtoto wa Pwani. Tiketi ya ndege ya bei ya chini mara nyingi hukuruhusu mzigo wa mkononi wa kilo 7 hivi, na ziada unalipia. Blanketi, vitabu, sahani, na ule mfuko wa mahindi aliokufungia nyanya yako havitoshi humo. Utafika haraka, kisha utatetemeka haraka.

Na pesa yenyewe je? Mbuzi wote wakiuzwa kwa tiketi, dada atafika Kesses akiwa na sifa ya kupanda ndege na hana ya kununulia godoro. Muhula una wiki nyingi, na ndege ni saa mbili tu. Mimi nasema mbuzi wawili wabaki wa kula muhula huo.

Sasa nije kwenye njia ninayoipendekeza. Siku ya kutoka nyumbani, msafiri aende polepole mpaka Mombasa akalale kwa ndugu. Ni nani kati yetu asiye na shangazi Kisauni au baba mdogo Mtwapa? Asubuhi yake apande gari la moshi la SGR pale Miritini. Treni hii ilianza Mei 31, 2017, nayo husafiri kama kilomita 470 mpaka Syokimau. Ile ya asubuhi huondoka mapema na kusimama Voi, Mtito Andei na vituo vingine. Ukiipanda, unafika Nairobi alasiri, jua likiwa bado juu. Hapo Syokimau kuna treni ndogo ya kukupeleka katikati ya jiji. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Inauma, lakini bado si ya kuuza zizi zima. Tiketi hukatwa kwa simu siku kadhaa mbele, na ni vizuri kuwahi, maana shule zikifunga au zikifunguliwa viti huisha. Tahadhari moja: treni ya usiku isikudanganye. Nayo hukufikisha gizani, tukarudi pale pale pa binamu yangu.

Nairobi alale kwa jamaa aliyepigiwa simu mapema. Asubuhi ya pili apande gari la Eldoret, safari ya saa sita hivi. Akiondoka saa moja au saa mbili, saa tisa amefika, ana muda wa kupata matatu ya Kesses na kuonyeshwa bweni lake kabla ya jua kutua. Hizo ndizo siku zangu mbili. Usiku wote msafiri yuko chini ya paa la mtu anayemjua kwa jina.

Wengine watasema, kulala kwa watu ni kuwasumbua. Nashangaa. Tangu lini undugu ukawa usumbufu? Watu wetu wakifiwa, jamaa hutoka Mombasa na Nairobi kuja kulala mikekani kwetu siku saba. Leo mtoto anakwenda kusoma, hawezi kupewa usiku mmoja na kikombe cha chai? Na kwa asiye na jamaa kabisa, awatafute wanafunzi wa kwetu waliotangulia katika chuo hicho. Wapo, na ukiwauliza hawakatai.

Kuna faida nyingine, nayo ndiyo niliyoipenda zaidi nilipoichunguza ramani. Kwa nchi kavu, mchana, mtu anaiona nchi yake. Utatoka kwenye minazi, upite nyika kavu ya Taru, uone udongo mwekundu wa Tsavo na pengine ndovu kutoka dirishani. Utapita tambarare za Athi. Siku ya pili utafika ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Limuru, uone Mlima Longonot wenye mita 2,776, kisha maziwa ya Naivasha na Elementaita. Baada ya Nakuru gari litaanza kupanda tena, uvuke ikweta, na ufike Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Baada ya hapo ni mashamba ya mahindi na ngano ya Uasin Gishu hadi machweo. Mambo haya tunayakariri darasani kwa ajili ya mtihani. Msafiri wa mchana huyapata kwa macho, na tena mwili wake hupata kujua kidogo kidogo kwamba unakwenda mahali pa baridi.

Na tusidhani kwamba njia ya bara ni ngeni kwa watu wetu. Mwaka 1913 Wakoloni walimkamata Mekatilili wa Menza pamoja na Wanje wa Mwadori wakawapeleka Kisii, mbali kule kwenye vilima vya magharibi, ili Wagiriama wasisikie tena sauti yao. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi Pwani, na wazee husimulia kwamba walikuja kwa miguu. Mama huyo hakuwa na hiari ya usafiri. Sisi tunayo, na hiari ni jambo la kutumiwa kwa akili. Mjukuu wake leo anakwenda vilimani kwa kuitwa kwa barua, halafu tumsafirishe kama gunia la makaa, usiku, ili kuokoa mia tano?

Nisieleweke vibaya kuhusu ndege. Kuna watu ambao kwao sitabishana na tiketi hiyo. Mgonjwa anayepelekwa hospitali kubwa ya rufaa ya Moi kule Eldoret, asiyeweza kukaa kitako saa nyingi, pesa ya mchango iende huko bila maswali, daktari akiruhusu. Na hapa niwakumbushe jamaa wenye selimundu, ugonjwa ambao huku Kilifi tunaujua sana. Kule mita 2,100 hewa ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 78 ya ule wa ufuoni. Hata ndani ya ndege ikiwa juu, hewa ni nyepesi kuliko ya hapa kwetu. Mwenye selimundu amwone daktari kabla ya kuchagua chombo chochote, na hata kabla ya kuchagua chuo cha mlimani.

Pia kuna majira ya mvua. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zilikata barabara nyingi za Pwani. Wakati kama huo anayeripoti aanze safari siku mbili tatu mapema, kwa sababu hata mwenye tiketi ya ndege lazima kwanza avuke maji mpaka Malindi.

Ombi langu la mwisho ni kwa wazazi na kamati za mchango. Huwa tunachangia karo, tunachangia sanduku, tunapiga picha, halafu nauli inatafutwa usiku wa mwisho. Hapo ndipo basi la usiku linaposhinda, kwa sababu hakuna aliyepanga jingine. Nauli ya mchana iandikwe kwenye bajeti tangu kikao cha kwanza, pamoja na simu kwa jamaa wa Mombasa na wa Nairobi. Vyeti vifungwe kwenye mfuko wa plastiki na vivaliwe mwilini ndani ya nguo, na nakala zake zibaki nyumbani. Na ikiwezekana watoto wawili watatu wanaoelekea upande mmoja wasafiri pamoja. Haya hayahitaji serikali wala mfadhili. Yanahitaji wiki mbili za kujipanga.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sisi vijana huwa tunaicheka methali hiyo, tukidhani inawatetea wavivu. Mimi naona inamhusu msafiri anayejua saa ya kuondoka, saa ya kufika, na mlango atakaobisha jua likizama. Anayeona nimekosea, kurasa za toleo lijalo ziko wazi. Aniambie ni nani atakayempokea dada yangu saa kumi za alfajiri.